Mawe ya Kona ya Fabiani

Zamani, kutoka huku juu Ufipa kushuka Ilemba bondeni, tulipita njia ya mbuzi, mahindi kichwani. Barabara ilianza kwa msaragambo, kila kaya na kipande chake, jembe na sururu tu. Mwaka wa themanini na sita ukingo ulimporomokea Fabiani, mume wa Coleta. Mvua ikanyesha siku tatu, wakashindwa kumpandisha mlimani. Wakamzika palepale kwenye kona.

Msalaba uliliwa na mchwa, likabaki rundo la mawe. Kila Novemba, siku ya marehemu wote, Coleta alishuka kung'oa majani na kuyapanga mawe upya. Katika kutembea kwangu nimemkuta pale mara nyingi. Alitaka jambo moja tu: Fabiani ahamishiwe makaburi ya kanisani, na yeye siku yake ikifika alazwe ubavuni pake. Mwaka jana padri akakubali. Ikapangwa Jumamosi, baada ya mavuno.

Basi ukaja mradi wa ajira za muda wa kupanua barabara. Coleta naye akaandikwa. Kina mama wakaponda mawe na kuyarundika kando ya njia, wengine wakayasomba na kuyamwaga.

"We Coleta, nyundo yako kama inabembeleza mjukuu!" Jenifa alimtania.

"Ponda lako, vidole vyangu niachie."

Kona ile iliangukia kundi la kijiji cha bondeni. Coleta hakuwaambia kitu. Huku kijijini kwetu kila mtu alijua kaburi la Fabiani, hakufikiri kuna asiyelijua. Ijumaa akashuka kusafisha, akakuta peupe. Akamfuata Kalisti, msimamizi wao.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mawe ya konani yako wapi?"

"Tumeshayamwaga na kushindilia, mama. Yalipangwa vizuri, mpaka tukasema hii kaya inajua kazi."

Coleta akakaa chini. "Nilikuwa nampangia mume wangu."

Kalisti akavua kofia, asijue aishike wapi.

Jumamosi walichimba mashimo matatu, padri amesimama na kitabu chake. Kona yenyewe ilikuwa imenyooshwa, hata waliozika hawakukubaliana ni wapi. Hawakuona kitu. Walipoanza la nne, Coleta akawazuia.

"Basi, baba zangu. Mtaiharibu barabara ya watu."

Juzi nilimkuta konani akishuka Ilemba, anatembea ndani ya mtaro wa barabara, matope hadi vifundoni.

"Dada, njoo huku juu pakavu."

"Wewe pita tu, kaka. Mimi sijui yuko wapi."