Gari Lililowashwa Kabla Hatujafika

Sisi tuliokulia Kinangop enzi za sweta za kurithiana hatukuhitaji kuelezwa baridi ni nini. Mwezi wa Julai nyasi ziliamka nyeupe kwa sakitu, nasi tulikwenda shule miguu mitupu. Njiani tulimwinua ng'ombe wa jirani na kusimama pale alipolala, kwa sababu udongo ulikuwa bado na joto lake. Mwalimu alitaka kujua kwa nini tunachelewa. Hatukumwambia. Naye alikuwa na miguu ya kupasha joto.

Baba alikuwa na pikapu ya kubeba maziwa na kabichi. Usiku ililala mteremkoni imefunikwa magunia, na asubuhi Mama aliitilia maji ya moto kwenye rejeta kabla hajatupa sisi uji. Kisha watoto wote tulisukuma. Ikiwaka, tulirukia nyuma katikati ya mitungi ya maziwa, viazi vya kuchoma vikitupasha joto mifukoni. Isipowaka, maziwa yaliharibika na nyumba nzima ilikunywa mala, maziwa ya mgando, hadi yaishe, bila mtu kuulizwa kama anapenda. Vijana wa leo wakipewa uji usio na sukari huupiga picha, wakaweka ushahidi.

Baba alikuwa na somo moja tu, na alilirudia kila tulipokaa mezani. "Ukienda kununua gari, fika kabla mwenyewe hajaliwasha. Gusa boneti. Ukikuta ina joto, geuka urudi nyumbani, huyo anakuficha kitu." Hatukuwa na uwezo wa kununua hata baiskeli, lakini tuliitikia.

Nikazeekea Riyadh, nikiwa dereva. Mwaka juzi bosi wangu alitaka gari la kumpeleka mama yake Jeddah na kumrudisha, majira yote ya baridi. Mama Kubwa, ndivyo tulivyomwita sisi wafanyakazi, alikuwa na dada yake huko, mgonjwa wa moyo, na katika watoto wa baba yao walikuwa wamebaki wao wawili. "Wewe ndiye utakayekaa humo siku nzima," bosi akaniambia. "Chagua wewe."

Nilikwenda sokoni adhuhuri, mwezi wa Septemba. Riyadh mtu akinunua gari hupima kitu kimoja, kipoza hewa. Muuzaji alikuwa ameshaliwasha, linaningoja. Niliweka mkono kwenye boneti. Ilikuwa ya moto, lakini jua lile hata ukuta ulikuwa wa moto, na hilo ndilo nililojiambia. Nikaingia ndani, hewa baridi ikanipiga usoni, viti ni vya ngozi. Nikasema, "Halas, basi, nachukua hili." Hita sikuigusa. Mimi, mtoto wa Kinangop.

Januari ikaja simu. Dada yake Mama Kubwa angepasuliwa kesho yake baada ya adhuhuri, na alitaka amwone kwanza. Tuliondoka mimi, Mama Kubwa na Nekesa, binti wa Bungoma aliyekuwa akimtunza. Karibu na Taif ukungu ulifunga barabara, tukalala kwenye nyumba ya wasafiri. Alfajiri nilibonyeza kitufe cha kuwasha. Gari likakohoa, likanyamaza.

"Mzee, si ubonyeze tena?" Nekesa akasema.

"Nimebonyeza."

"Basi tusukume. Si kila siku unatuambia mlivyosukuma?"

"La otomatiki halisukumwi likawaka."

"Kumbe yale mazoezi yote yalikuwa ya bure."

Mwenye lori alisimama, akatazama betri yetu kwa huruma, akasema umeme wa lori lake ungeliunguza gari letu. Mama Kubwa alikaa ndani amejifunika mablanketi mawili, pumzi yake ikionekana. "Yalla?" aliuliza kila baada ya muda, twende? "Bado kidogo, mama," nilijibu. Fundi alikuja jua likiwa juu. Alibadilisha betri, akaniambia mabomba ya hita yalikuwa yamezibwa zamani. Mtu aliyeigusa hita mara moja tu, alisema, angejua.

Tulifika Jeddah saa tisa alasiri. Dada yake alikuwa ameshaingizwa chumba cha upasuaji. Hakutoka akiwa hai.

Jioni nilimfuata Mama Kubwa nikamweleza yote, la boneti na la hita. Alisikiliza mpaka mwisho. "Mafi mushkila," akasema, hakuna shida, akaniambia niende nikale. Hajalitaja tena hadi leo, na kila Ijumaa hunitumia sahani ya wali.

Enzi zetu ukiharibu kitu, wazazi walikugombeza mpaka majirani wakaja kukuombea, ukalia, ukapewa kazi ya adhabu, na kesho yake mambo yalikuwa yamekwisha. Siku hizi watu wana adabu. Wanakusamehe kwa maneno mawili, na unabaki na kosa lako mwenyewe.