Vifaranga vya Mama na Kopo la Mafuta

Nikisikia harufu ya mafuta ya kupikia ya kopo, yale meupe mazito, naona haya mpaka leo. Msinihurumie, nastahili. Juzi mwenye duka mmoja wa Malaba alifungua kopo mbele yangu, na papo hapo nikajikuta nyumbani Mella, wilaya ya Tororo, upande wa Uganda, nina miaka kumi na miwili na kiburi kisichoenea ndani ya gauni.

Ulikuwa mwaka ule wa corona, shule zimefungwa na mpaka umefungwa. Baba alizoea kuvuka kila siku kuuza makoti ya mitumba Busia, upande wa Kenya. Sasa bunda lake lilikuwa limelala chumbani na yeye hana la kufanya, basi akajifanya mwalimu. Baba huyo, aliyeacha shule darasa la tano! Mama ni Msamia wa ng'ambo na Baba ni Mpadhola, kwa hiyo nyumbani tulikutana katika Kiswahili, na cha Baba kilikuwa cha sokoni tu. Mama alipomchoka alisema debe tupu haliachi kuvuma. Mimi Athieno, wa kwanza darasani, nilimsikiliza huku nimebetua midomo.

Mwenyekiti wa kijiji aligawa karatasi za masomo, na somo la siku ile lilikuwa jinsi wanyama wanavyojikinga na baridi. Asubuhi hiyo ilinyesha mvua ya mawe. Baba, mtu mzima na ndevu zake, akakimbia uani na beseni kuyaokota yale mawe. Akavaa kavera, mfuko wa plastiki, mkono mmoja, akalipaka mafuta ya kopo la Mama, akavaa kavera la pili juu yake, kisha akazamisha mikono yote miwili kwenye beseni.

"Hii mkono nakufa baridi," akasema kwa furaha. "Hii ya mafuta hapana sikia kitu. Lakini sikieni. Mafuta iko ndani, chini ya ngozi. Manyoya iko nje, nashika joto. Manyoya ikilowa, mnyama nakufa. Kila moja na kazi yake."

Wadogo zangu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nahesabu makosa yake ya Kiswahili, na nilipofika saba nikaondoka zangu.

Mama alikuwa na vifaranga tisa, yatima, mama yao aliliwa na kicheche. Hakuwa na mali nyingine ya kuita yake. Mvua ile iliwaacha wakitetemeka jikoni, nami nikaona hapa ndipo msomi anapohitajika. Nikachukua kopo, nikawapaka mafuta mmoja mmoja, kichwa hadi mkia, kwa uangalifu wa daktari. Mjinga mkubwa! Manyoya yakagandamana, ngozi ikabaki wazi, wakaanza kulegea. Wawili walifia mikononi mwangu.

Baba alinikuta hapo. Akawaosha wale saba kwa sabuni na maji ya vuguvugu, akawafuta, akafungua bunda na kutoa koti zito ambalo hakuna mtu wa Tororo angelinunua. Akalivaa, akawatia kifuani. Jua likarudi, naye akaketi vilevile hadi alasiri, jasho likimtiririka.

Mama aliporudi kutoka shambani akaona kopo tupu na wale wawili waliokufa.

"Nani ameniulia kuku?"

"Mimi," Baba akasema. "Nilikuwa nafundisha."

"Unafundisha! Wewe ulishindwa na darasa la tano, Baba Athieno! Hata mtoto hawezi fanya ujinga kama huu!"

Nilikuwa nimesimama mlangoni, na nilicheka. Ningependa kuwadanganya kwamba ilikuwa hofu. Nilicheka kwa sababu Mama alikuwa amesema nilichokuwa nakiamini siku zote, na kwa dakika ile nilisahau kabisa mjinga ni nani. Baba alinitazama mara moja, kisha akafunga vifungo vya koti.

Wale saba walikua wote. Mpaka leo wageni wakija Mama humwita "mwalimu wa mafuta", na Baba hucheka pamoja nao. Nami humimina chai, natazama chini, sijawahi kumwambia Mama ukweli. Siku ile nilidhani Baba anafunga vifungo kwa sababu Mama amemshinda. Kumbe chini ya lile koti tulikuwa wanane.