Fromaji ya Mwenye Mto

Baba yangu alikuwa anapoteza macho, na mimi nikaapa kwamba hayatazimika kabla hayajaona mto wa Kinshasa. Daktari alieleza kwa Kifaransa kirefu. Nilichoshika ni kwamba muda ulikuwa mfupi. Tayari mzee alikuwa anaona vizuri kwenye jua kali tu. Wingu likipita, anaanza kupapasa.

Kwa nini mto? Kwa sababu ya kijito kinachopita chini ya malisho yetu huko Masisi. Tangu tukiwa wadogo alituambia kwamba maji wanayokunywa ng'ombe wetu yanashuka Walikale, yanapita msitu wote, yanaingia mto mkubwa na kufika Kinshasa. Majirani walimcheka, wakisema basi wakubwa wa nchi wanakunywa mikojo ya ng'ombe wake. Yeye hakucheka. "Siku moja nitaenda kuyiona," alijibu.

Basi, wakati ndege bado zinaruka kutoka Goma, kabla vita havijafunga uwanja, nilimpandisha. Ndugu zangu walisema nina kichwa kigumu. Ninacho, na nimekirithi kwake.

Alikuja na fimbo yake ya kuchungia na mfuko uliojaa jibini, zile za mviringo za kwetu, ambazo sisi tunaziita fromaji. Nilidhani ni zawadi za jamaa waliotupokea. Kumbe mzee alikuwa na mpango wake. Kwetu milimani hukanyagi malisho ya mtu kabla hujamsalimia mwenyewe. Ukipita kimya, wewe ni mwizi wa ng'ombe, au unajifunza kazi hiyo. Na humwendei mwenye kilima mikono mitupu.

Asubuhi, mjini Kinshasa, tulianzia mtaa wa Limete, kwenye ule mnara mrefu wa Échangeur. Jua lilikuwa linawaka, nikafurahi. Nilitaka tuutazame, tupite mbele ya Palais du Peuple, jengo la bunge, adhuhuri itukute mtoni. Langoni mzee akasimama.

"Mwenye hii iko nani?"

"Ni ya Leta, papa, ya serikali. Twende."

"Leta iko wapi? Nimusalimie."

Mlinzi alikuwa amewahi kufanya kazi huku kwetu mashariki, akaelewa Kiswahili chetu, akaangua kicheko. "Papa, Leta haiko hapa. Iko mu biro, kule ofisini."

"Basi nitamungojea," baba akasema, akaketi kwenye ukingo wa sementi na fimbo katikati ya magoti.

Alingojea kweli. Nilimvuta mkono, nikambembeleza, nikamwambia watu wanatutazama. Mwisho mlinzi akaenda kumwita mkubwa wake. Mkubwa akaja, wakasalimiana, wakaulizana habari za watoto, za ng'ombe, za mvua, jibini ikatolewa. Hapo ndipo baba alipoinua macho kuutazama mnara. "Ni murefu," akasema.

Mbele ya Palais du Peuple yakawa yale yale.

"Papa, jua inaenda!"

"Na sisi tutembee kama bezi ya ng'ombe?"

Nikamvuta mkono. Mji mkuu mzima umesimama mbele yake, naye anatafuta wa kumpa mkono!

Tulipofika Kinsuka, pale maji yanapopigana na mawe na watu wanapokuja kukaa na kula samaki, wingu zito lilikuwa limefunika anga lote. Baba akasogea hadi ukingoni. Akafumbua macho sana, akayafinya, akayafumbua tena.

"Niko nasikia tu," akasema. "Sioni."

Nililia, wala sikujificha. Nilikuwa na hasira na walinzi, na wingu, na yeye, na jibini zake. Safari yote ile, na nimemfikisha kwenye mto asiouona.

Yeye akanipa fimbo nimshikie. Akainama, akanawa uso kama anavyonawa kwenye kijito chetu, akapiga na funda moja kabla sijamkataza. Kisha akatia mkono mfukoni. Jibini moja ilikuwa imebaki, na mimi nikajua swali linalokuja, nikaliwahi.

"Papa, hapa hakuna wa kusalimia. Mto haina mwenyewe."

Akageukia sauti yangu, ameudhika kabisa.

"Haina mwenyewe? Mutoto yangu, hii mayi inatoka kwetu. Sisi ndio benyewe."

Akaketi juu ya jiwe, akachomoa kisu, akaanza kukata ile jibini vipande vipande. Halafu akawapazia sauti wale watu wa Kinshasa waliokaa na samaki wao, sauti ya mtu aliye uani kwake.

"Karibuni! Mukuye, mukule!"

Wachache walielewa maneno, ila mkono ulionyooshwa na kipande cha jibini hauhitaji mkalimani. Walikuja. Na kila mmoja, kabla ya kupokea, alimsalimia kwanza.