Kwaya Juu ya Sauti ya Mama

Kila mwaka, siku ya kumbukumbu ya Mama, kaka yangu mkubwa hurusha kile kipande cha video kwenye kundi la ukoo. Mama amesimama chini ya turubai, kitenge cha bluu, kipaza sauti amekishika kama mtu aliyepewa kuku wa jirani ambebee. Midomo yake inacheza. Juu ya midomo hiyo inaimba kwaya.

Watu huandika Amina. Binamu mmoja huandika, mwaka hata mwaka, kwamba wimbo huu humtoa machozi. Mimi huiweka simu kifudifudi na kwenda kufua, hata kama nguo chafu hakuna. Wanangu wameshazoea. Wakisikia ndoo inagongwa wanaambiana, "Leo ni ile siku."

Nina hasira. Nalisema mapema ili anayetaka simulizi tamu za zamani atafute kwingine. Na bado lazima nikiri kwamba ile siku dividii ilipoingia nyumbani kwetu Lukozi ilikuwa siku nzuri, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Kabla ya dividii kulikuwa na mkanda wa video. Ulirekodiwa siku ya kumuaga dada yangu, aliyekuwa anaolewa Tanga. Mpiga picha alipanda kutoka Lushoto mjini na kamera ya kubeba begani. Wakwe walifika wamevaa nguo nyepesi za pwani, wakatetemeka tangu asubuhi, na Mama akawagawia mablanketi mbele za watu bila kuwauliza. Zamu yake ya kusema ilipofika mvua ikaanza, inapiga bati la jikoni na turubai kwa pamoja. Mama hakungoja ipungue. Kiswahili alikijua vizuri, alikitumia kuuza kabichi sokoni, lakini alisema mtoto huyu alimlea kwa Kishambaa na atamuaga kwa Kishambaa, asiyeelewa atatafsiriwa na jirani yake.

Aliyosema hayakuwa makubwa. Aliwashukuru kwa safari. Kisha akawaambia wakwe kwamba binti yake haamshwi kwa kelele. Anaitwa mara moja, taratibu, halafu anasubiriwa. Na akikosea aambiwe polepole, masikio anayo. Watu wa upande wetu wakacheka mpaka mabenchi yakalia. Mama naye akacheka, kicheko chake kile cha puani, na kipaza sauti kikakinasa chote.

Mwaka haukuisha, Mama akafariki.

Jirani yetu, mwalimu, alikuwa na deki na televisheni ndogo aliyoiwasha kwa betri ya gari. Baada ya arobaini alituruhusu tukauangalie mkanda pale sebuleni kwake. Picha ilikuwa ya chenga, mistari inapanda na kushuka, sura ya Mama inavutwa upande mmoja halafu inarudi. Baba hakujali. Macho yake yalikuwa yameshaingia mtoto wa jicho na alikuwa akiona vivuli tu. Alikaa ameinamisha kichwa, ameelekeza sikio kwenye televisheni, na Mama alipofika penye kicheko naye akatoa kicheko kidogo, palepale, kama watu wawili walio chumba kimoja. Tulirudi kuuangalia mara nyingi. Mwalimu alipohamishwa kikazi na kuondoka na deki yake, Baba aliufunga mkanda kwenye mfuko wa nailoni akauweka darini, juu ya moshi wa jiko, pamoja na mbegu za mahindi. Ukungu wa huku kwetu hula kila kitu, kuanzia viatu hadi vitabu vya nyimbo. Kitu unachotaka kiishi unakipandisha darini.

Miaka ikapita. Kaka, aliyekuwa na kazi Tanga, akaja likizo ya Krismasi na televisheni mpya, sola, na deki nyembamba ya rangi ya fedha. Mimi nilikuwa nafundisha Magoma, kule chini kwenye joto, nikapanda Jumapili kuwaona. Kutoka barabarani hadi nyumbani njia inapita kando ya shamba letu la njegere, lililokatwa ngazi mlimani. Zilikuwa ndio kwanza zimechipua, na katika kila ngazi ya shamba mtu alikuwa amechomeka vijiti na kufunga utepe mweusi, kijiti hadi kijiti. Utepe ulimeta, na upepo ulipopita ulivuma mfululizo. Ndege hawakusogea karibu. Nikasimama nikapendezwa. Nikasema moyoni, mzee wetu bado ni mjanja.

Nyumbani watu wamejaa kwa nguo za kanisani. Kaka akafungua ile deki, sinia likatoka lenyewe, na mama mmoja akarudisha miguu nyuma. Tukaoneshwa sidii inavyong'aa, inavyofutwa kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje. Tukaangalia kwanza filamu. Sikuwahi kuona picha safi namna ile. Majani yalikuwa majani, ungeweza kuhesabu meno ya mtu. Ukitaka kurudi nyuma hungoji mkanda uzunguke ukilia, unabonyeza rimoti na umefika. Nililipenda lile jambo, nilipiga makofi na wenzangu. Ningependa kukumbuka mpaka hapo tu.

Kaka akasimama. "Sasa zawadi ya Baba," akasema. Alikuwa ameupeleka mkanda wa sherehe kwa fundi mmoja mjini, akautia kwenye sidii. Kikatokea kichwa cha habari chenye maua yanayozunguka. Akatokea dada analia. Akatokea Mama, hana chenga hata moja, akainua kipaza sauti, akafungua mdomo.

Kwaya ikaanza.

Wanawake wakalia. Mtu akasema Bwana asifiwe. Baba alikuwa ameinamisha kichwa kama zamani, sikio mbele. Akangoja. Kwaya ikamaliza ubeti, ikarudia kiitikio.

"Huyo anayeimba ni nani?" akauliza.

"Ni kwaya, Baba," kaka akajibu. "Fundi kaiweka, inapendeza."

"Na mama yenu?"

"Yupo hapo, Baba. Amesimama."

"Anasema nini?"

Kwenye kioo Mama alitikisika mabega, nikajua ndipo anapocheka.

Nikamwita kaka nje, nyuma ya jiko. Yeye ni mkubwa wangu, na kwetu mkubwa hapandishiwi sauti, kwa hiyo nilisema kwa sauti ya chini. "Kaka, sauti ya Mama iko wapi?"

"Ilikuwa mvua tupu, mdogo wangu. Bati linapiga. Fundi aliniambia siku hizi watu hawataki kelele."

"Tungesikia hivyohivyo."

"Halafu ni Kishambaa. Shemeji zetu wangeelewa nini? Na mimi nilitaka Baba apate kitu kizuri, cha kisasa."

"Baba haoni, kaka. Anasikia."

Akatazama chini. Sitasema alikuwa na nia mbaya, hakuwa nayo, na nia yake njema imenigharimu kuliko ubaya wa watu wengi. Nikamwambia basi tuuchukue mkanda wenyewe, tutafute deki ya zamani, zipo. Ndipo Baba akasema nyuma yetu. Alikuwa amefika mlangoni, anapapasa fremu.

"Mkanda uko shambani."

Kaka ndiye aliyekuwa amemwambia. Aliporudi kutoka mjini alimkabidhi mkanda na kusema Mama sasa yumo kwenye sidii, huu hauna kazi tena. Na Baba ni mkulima. Punje zikishatoka, ganda halirudishwi darini, linatafutiwa kazi. Njegere zilikuwa zinachipua na ndege wanadonoa. Alivunja boksi la mkanda kwa jiwe, akavuta utepe wote, akaufunga kwa mkono wake ngazi kwa ngazi, kwa kupapasa. Ndio ule niliosimama nikausifia.

Asubuhi nilimkuta shambani kabla yangu. Ameshika gunzi la mahindi na anaviringisha utepe juu yake, kijiti baada ya kijiti, akiufuta kila kipande kwa pindo la shati. Mvua ilikuwa imeshaunyeshea na jua kuukausha. Mahali pengine ulikuwa umejisokota kuwa uzi, pengine umekatika. Vipande vilivyokatika aliviunga kwa fundo.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Kanyaga taratibu, usije ukaukanyaga."

Baba hakumwambia kaka neno baya, si siku ile, si baadaye. Pengine ndiyo sababu hasira yote iliniangukia mimi, ya kwangu na ya Baba. Ndege walirudi na msimu ule hatukuvuna njegere. Gunzi lilikwenda darini kwenye mbegu, na Baba alipofariki nikalichukua. Nimelipeleka kwa fundi wa Tanga na kwa fundi wa Dar es Salaam. Wa kwanza alicheka. Wa pili alikuwa na adabu, aliligeuza mkononi akaniambia, "Mama, huu hautasema tena."

Mwaka huu kaka amerusha tena kile kipande. Kwa mara ya kwanza niliandika chini yake, "Zima hiyo kwaya." Kaka akaandika, "Mdogo wangu, samehe." Nikaiweka simu kifudifudi.

Jioni dada akanipigia kutoka Tanga. Aliniambia kitu ambacho hakuwahi kuniambia. Siku ile ya kuagwa alilia mno, hakusikia hata neno moja la Mama, na alipofika pwani alidhani mkanda upo, ataukuta siku yoyote.

"Wewe uliusikia mara nyingi," akasema. "Hebu nisemee. Usinipe maneno tu, sema kama Mama, na kile kicheko."

Nikakaa kwenye kiti. Maneno ninayo yote, hakuna lililopotea: anaitwa mara moja, taratibu, halafu anasubiriwa. Nikafumba macho niitafute sauti ya kuyabeba. Dada akawa ananisubiri, nasikia anavyopumua. Nikamwona Mama amesimama chini ya turubai, akainua kipaza sauti, akafungua mdomo, na humo kichwani mwangu ikaanza kwaya.