Tairi Ambalo Sikuligusa

Mteja akiniambia ugonjwa wa gari kabla sijafungua boneti, ananiudhi hapo hapo. Mimi ni fundi Philemoni. Nina gereji Tengeru, pembeni ya lami, na kwa miaka kumi na sita nimechoka kufundishwa kazi na watu wasiojua hata kushika spana. Lakini hakuna aliyenichosha kama Anande.

Anande ni jirani yetu kule juu Nkoaranga, mjane wa miaka sitini na miwili. Alipostaafu ukunga alinunua gari kuukuu aina ya Noah, akajifunza kuendesha akiwa tayari ni bibi. Watu walimcheka sana, na mimi nikiwemo. Mwaka haukuisha, wale wale waliomcheka ndio waliokuwa wakimbishia hodi alfajiri: mke ameshikwa uchungu, mzee amebanwa kifua, ndizi zinatakiwa kuwahi soko. Huendesha kwa mikono miwili, shingo imenyooka, wala hapigi soga na abiria. Akisema neno, ujue lipo jambo.

Jumatatu ya wiki ya kipaimara alikuja gereji.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Gari linalia."

"Linaliaje?"

"Linaunguruma, kama mtu anayesaga mahindi chumba cha pili. Nikikata kona ya kushoto linazidi."

Nikalichukua peke yangu hadi Usa River na kurudi, vioo vimeshushwa, masikio nimeyatega. Kimya. Nikapiga jeki, nikatikisa tairi la mbele kushoto na yale mawili ya nyuma, nikasafisha breki, nikamwambia ni vumbi tu. La mbele kulia sikuligusa. Beringi yake niliibadilisha mwenyewe miezi miwili nyuma, na sikuwa tayari kukagua kazi yangu mbele ya mteja.

Jumatano akarudi. Nikalizungusha tena barabarani, kimya tena.

"Mama, gari ni zima," nikamwambia. "Ni woga wako tu, kwa sababu ya Jumapili."

Jumapili alikuwa na watoto wanane wa kipaimara. Ibada ilikuwa ifanyike kanisa la chini, mvua zilikuwa zimeharibu njia, na wazazi walikubaliana Anande awateremshe ili nguo nyeupe zisifike na tope. Binti yangu Jackline alikuwa mmoja wao. Anande akikataa, watoto wangeteleza kwa miguu mwendo wa saa mbili. Akikubali, angewabeba ndani ya gari asiloliamini, kwenye mteremko ule. Mkwewe Ruth aliniambia bibi hali chakula, anakaa tu anatazama magurudumu. Nilicheka.

Ijumaa asubuhi Noah ikaingia tena gereji, safari hii imeinama kwa nyuma. Ilikuwa imejaa mikungu ya ndizi hadi kwenye vioo.

"Nimeipima kwenye mizani ya kahawa," Anande akasema. "Ndio uzito wa watoto wanane. Panda. Hatuendi kwenye lami. Tunapanda mpaka kwangu, halafu tunashuka."

Wateja wawili walikuwa wakitazama na kuchekelea. Nikapanda kwa hasira, nikiwa nimeshaandaa maneno ya kumwambia tukirudi.

Kupanda, sikusikia la maana. Tukageuza, tukaanza kushuka. Kona ya kwanza ya kushoto, nikahisi kitu kwenye nyayo kabla hakijafika masikioni. Kona ya pili kikawa sauti kamili, mngurumo mzito uliotoka upande wake wa kulia, chini ya miguu yake. Anande hakunitazama. Kona ya tatu usukani ulitetemeka mikononi mwake. Niligeuka nyuma, na pale penye ndizi nikawa kama namwona Jackline na gauni lake jeupe.

"Simama, mama."

"Umesikia?"

"Nakuomba usimame!"

Nikapiga jeki pale pale njiani. Mkono mmoja juu ya tairi lile la mbele kulia, mwingine chini, nikatikisa. Likacheza kama jino la mtoto. Tukashusha ndizi zote, tukateremka na gari tupu kwa mwendo wa kinyonga hadi gereji, nikafungua.

Beringi ilikuwa imeliwa. Pembeni ya kikombe chake, ile pete ya nje, palikuwa na ufa, na kando ya ufa alama ya pigo. Niliijua alama ile. Beringi ya namna hii huingizwa kwa mashine ya kugandamiza, na mashine ziko mjini. Siku ile niliyoibadilisha foleni ilikuwa ndefu, nikaamua kuipiga nyundo. Mafundi wengi tunafanya hivyo. Inaingia vizuri, inazunguka, mteja anaondoka ameridhika, kumbe imeshaanza kufa.

"Imekuwaje?" Anande akauliza.

"Spea za siku hizi, mama. Feki tupu."

Akasikitika, akanipa pole, akanishukuru. Nikaenda mjini na beringi mpya, nikasubiri mashine saa tatu nzima bila kunung'unika.

Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi jumuiya yetu ya sala ilikuwa nyumbani kwa Anande. Mwinjilisti Sumari alipomaliza neno, tukafika kwenye shukrani. Anande akasimama.

"Namshukuru Mungu kwa mikono ya Philemoni. Bila yeye kesho ningeua watoto wa watu."

"Amina," wakaitikia wote, na sauti ya Jackline ilisikika kuliko zote. Amina ile ilinichoma. Nikajikuta nimesimama.

"Beringi haikuwa feki," nikasema. "Niliipiga nyundo mimi. Mama alinionya mara mbili, nikamwita mwoga."

Jackline aliinamisha kichwa. Nilingoja Anande anikaripie, na kwa kweli nilitamani anikaripie, yaishe. Yeye aliketi, akaweka kitabu cha nyimbo mapajani, akaniuliza kwa upole, kwa sauti yake ileile ya ukunga:

"Na mengine?"

"Mengine yapi, mama?"

"Magari mengine uliyoyapiga nyundo. Ni ya nani?"

Nikatazama nyuso zilizonizunguka. Kila mwenye gari alikuwa ameinua kichwa. Nikaanza na la Mwinjilisti Sumari, kwa sababu saa mbili asubuhi hiyo alikuwa anaondoka na familia yake kwenda Babati.