Barua ya Ugonjwa wa Tumbo

Nilikatwa titi la kushoto nikiwa na miaka thelathini na saba, na mtaani kwetu Mtoni aliyejua alikuwa mume wangu peke yake. Majirani niliwaambia nilikwenda Lindi kumuuguza mama. Mie ni fundi cherehani, kwa hiyo sidiria nilijishonea mwenyewe, na ule upande mtupu nikaujaza sufi, ile ile ya kujazia mito. Nikapata kifua cha kuringia. Wakinisifu kwamba nimenenepa Lindi, nilikuwa nacheka nao.

Daktari hakucheka. Siku anatoa nyuzi aliniambia, "Mama, kupona kidonda si kupona kansa. Kila miezi mitatu uje nikukague. Ukipapasa ukakuta kinundu, usingoje tarehe, njoo siku hiyo hiyo." Nikamwambia sawa. Nikaenda mara tatu, sikukosa hata moja, kila mara nikiaga kwamba nafuata vitambaa mjini. Kuna majirani waliosema nafuata bwana. Niliwaacha waseme, maana bwana alikuwa na nafuu kuliko ukweli.

Kisha kikaja kipindupindu. Wadogo hawaujui ule wakati. Hakuna kupeana mikono, hakuna kuuza chakula barabarani, msiba watu wanasimama mbali na maiti anazikwa na watu wa afya. Maji tulichemsha mpaka mkaa ukawa wa kupigania. Ukiharisha mara mbili, jirani anakwenda kusema, na unachukuliwa kupelekwa kambini, yaani kwenye madarasa ya shule waliyotandika vitanda vya turubai. Eneo letu lote, Mtoni mpaka Tandika, likafungwa. Wakaweka mti kukata barabara, meza, na mgambo. Hutoki mpaka uwe na barua ya balozi wa nyumba kumi. Mume wangu alikuwa kibarua bandarini, nao wakaambiwa walale huko huko kazini. Nikabaki na cherehani langu.

Wiki ya pili ya kufungiwa, nikiwa naoga, vidole vikagusa kitu mwisho wa kovu, karibu na kwapa. Kigumu, ukubwa wa punje ya choroko. Nikapapasa tena, kipo. Nikakaa chini palepale bafuni na sabuni mwilini. Niliogopa, siwafichi.

Balozi wetu alikuwa mzee mmoja wa Kimakonde, mchonga vinyago. Asubuhi nilimkuta barazani kwake na patasi, miguuni kwake wamejaa akina mama wa mpingo, kila mmoja na kifua chake wazi mbele.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Una shida gani?"

Nikamwambia. Yeye ndiye mtu wa kwanza nje ya chumba changu kusikia. Nilisema nikiangalia sakafu: nimekatwa titi, nimeota kinundu, nataka kwenda hospitali leo. Patasi ikamtoka mkononi. Mzee kutwa anachonga matiti, lakini nilipolitaja la kwangu aligeuza uso akajikohoza kama kameza mfupa. "Pole, mwanangu. Pole sana. Nakuandikia sasa hivi." Akaingia ndani, akakaa muda mrefu mno kwa barua ya mistari mitatu. Akatoka nayo imekunjwa, muhuri juu, pini imepita katikati. Kusoma nilikuwa nimeshajua, nilihitimu elimu ya watu wazima mie, lakini barua ya balozi haifunguliwi na aliyeibeba. Hiyo ndiyo ilikuwa adabu yetu. Nikaitia kwenye mkoba.

Kizuizini nilikuta foleni ya watu kama thelathini. Kamanda wa mgambo, mtu wa makamo, akatoa pini, akasoma kwa sauti kama walivyokuwa wakisoma barua zote, ili mwenzake aandike daftarini:

"Ndugu huyu anasumbuliwa na ugonjwa wa tumbo kwa muda mrefu. Naomba aruhusiwe kupita."

Mtume! Foleni yote ilirudi nyuma hatua tano. Bibi mmoja akajiziba pua kwa kanga. Yule mwandishi wa daftari akainuka na kiti chake akakisogeza mbali. Mzee wa watu alinisitiri! Aliona neno lile halifai kwenye karatasi yenye muhuri, akatafuta ugonjwa wa heshima, ugonjwa anaoweza kuwa nao mtu yeyote. Tumbo! Miaka yote tulikuwaga tunasema tumbo tukitaka kuficha jambo, akasahau kwamba mwezi ule tumbo ndilo lilikuwa linaua watu.

"Mama, simama pale pale," kamanda akasema. "Leteni bomba la dawa. Huyu ni wa kambini."

Nikamsogelea nimwambie polepole, akapiga kelele nisisogee. Nikamwambia kwa mbali, "Si tumbo, ndugu yangu."

"Kwa hiyo balozi kaandika uongo?"

Hapo nikabanwa. Nikisema ndiyo, namtia mzee matatani. Nikinyamaza, nalazwa kati ya wanaoharisha, na kinundu changu kinakua. Vijana wawili walikuwa wameshaanza kunijia na lile bomba. Jamani, kuna hasira inayomsaidia mtu. Ilinipanda kutoka unyayoni.

"Mie siharishi!" nikapiga ukelele. "Nimekatwa titi mie! Kansa! Mzee wa watu kaona haya kuandika, na mie nimeona haya mwaka mzima, basi leo zimekwisha! Mnataka ushahidi? Huu hapa!" Nikatia mkono kifuani, nikachomoa ule mfuko wa sufi, nikaubwaga mezani juu ya barua yake. "Haya, mpeleke huyo kambini!"

Lile gauni langu la maua likawa limesinyaa upande mmoja, na kila mtu anaona. Kamanda alitazama meza, akanitazama, akafumba macho. Ndipo yule bibi aliyejiziba pua akamkaripia: "Umesimama unatazama nini? Mpishe mtoto wa watu!"

"Pita, mama," akasema kamanda. "Pita, pita."

Mfuko nikauacha palepale. Nilitembea mpaka hospitali, upande mmoja nimejaa na upande mmoja bapa, na ukiniuliza leo nitakwambia sijawahi kutembea vizuri kama siku ile.

Lile benchi la kliniki, ambalo zamani tulibanana mpaka wengine wanakaa chini, lilikuwa tupu. Daktari akanipapasa, akarudia, akawasha taa. Akachukua koleo dogo. Nikasikia kichomi, nikauma mkono wangu. Akanionyesha: kipande cha uzi mweusi.

"Uzi wa mshono umebaki ndani, mwili unausukuma nje. Hakuna kitu, mama. Uko safi."

"Uzi?" nikasema. "Nimetishwa na uzi? Mie fundi cherehani?" Nikacheka mpaka nikalia, nikalia mpaka nikacheka tena, na nesi naye akaanza. Mzima! Nilitaka kumbusu daktari na kipindupindu chake.

Lakini yeye alikuwa ametulia. "Laiti wenzako wangekuja japo kwa ajili ya uzi," akasema. "Tangu barabara ifungwe, kutoka upande wenu umekuja wewe tu." Akafungua droo, akatoa kadi za wanawake waliokatwa kama mie. Walikuwa sita, wa Mtoni na Tandika, wote wamepitisha tarehe.

"Niambie wanakaa wapi," nikamwambia.

Siku nne nilizunguka. Nyumba moja nilikuta ameshazikwa, na si kwa kipindupindu. Mumewe aliniambia marehemu alikuwa anaumwa, lakini aliona aibu kwenda kwa balozi kueleza. Nilitoka pale nimekasirika na dunia nzima. Wale watano waliobaki niliwakuta kila mmoja na maficho yake. Mmoja, mpishi wa shule, alikuwa anavaa sweta na joto lote lile. Wote walianza kwa kukana. Nilikuwa nawaonyesha kovu langu tu, mlango ukafunguka. Kila mmoja alikuwa na balozi wake, lakini wa kwao walimwonea haya, basi tukaenda sote kwa mzee mchongaji wangu, ambaye siku hizo alikuwa ananiomba radhi kila akiniona. Nikasimama nyuma ya kiti chake. Akatia wino, akaandika neno lenyewe herufi kwa herufi, barua sita pamoja na yangu, kijasho kinamtoka, na akazigonga muhuri zote.

Yule mpishi alikutwa kweli na kinundu cha kansa siku ile tulipokaguliwa. Kilikuwa kidogo, kikawahiwa, na mpaka leo yupo, ana wajukuu na bado ana sweta. Lakini asubuhi tunakwenda hatukuyajua hayo. Tulikuwa tumeshikana mikono, na serikali imekataza kushikana mikono, mmoja anasema turudi. Kamanda alituona tukija akasimama.

"Nyie mnakwenda wapi wote hao?"

Nikamkabidhi barua zote kwa mpigo. "Soma kwa sauti, kamanda. Tuko wanawake sita, tuna matiti sita. Tunakwenda kuangaliwa yasipungue."

Foleni ikaangua kicheko, na wenzangu nao wakacheka, hata yule aliyetaka kurudi. Kamanda hakusoma hata moja. Aliuinua ule mti kwa mikono yake mwenyewe, akaushikilia juu, mpaka wa mwisho wetu akapita.