Simama Uukatae Wavu Wangu

Kuna Jumapili moja naikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, mwanangu Editha, na leo nitakusimulia kabla hujakunja hivyo vipande vyako ukaondoka. Kaa chini. Hapana, kaa. Huyo wa bodaboda mwache asubiri.

Umefika hapa Mbaha asubuhi, ukanipa shikamoo, ukarudia tena shikamoo kana kwamba ya kwanza ilimwagika njiani. Ukasifia chai. Ukasifia mpaka kuku wangu, nao hawana sifa hata moja. Nikasema moyoni, huyu ana neno, na neno lenyewe si tamu. Ndipo ukafungua mfuko, ukatandaza mezani vipande vya wavu wangu. Nikavuta kimoja, kikakatika kama tambi. Ukainamisha kichwa ukasema, “Labda ni mimi nimekosea, Profesa. Naomba tunyamaze kwanza mpaka mkutano wa kesho upite.”

Tunyamaze! Yaani umesoma miaka yote hiyo uje kuniomba ruhusa ya kunyamaza?

Na ninyi vijana mliokuja kuchaji simu kwenye sola yangu, msijifanye hamsikii. Sogeeni, nyavu hizi zinawahusu. Mnajua wavu wa nailoni ukipotea ziwani hauachi kuvua. Unakaa huko chini unaua samaki wetu mbasa ambao hakuna atakayewavuta wala kuwala. Nailoni ni polima. Polima ni kama shanga ndogo mno zilizotungwa zikawa uzi mrefu, na shanga za nailoni zimeshikana kwa ukaidi, hazitaki kuachana. Mimi nimetumia nusu ya maisha yangu kutafuta uzi utakaovua vizuri, na ukipotea majini uchoke wenyewe, ufe. Nikaupata. Kesho pale shuleni wavuvi na maofisa wanakutana kuukubali, ili nyavu zigawiwe mwambao wote huu na za zamani zikusanywe. Sasa Editha, mwanafunzi wangu mwenyewe, ameuanika wavu huo mchangani kama wavuvi wanavyoanika zao, na jua limeumaliza kabla msimu haujakwisha. Zikigawiwa hivi zilivyo, watu wa hapa watasalimisha nyavu nzima na kubaki na matambara. Watoto watalala na njaa, na mkosaji ni mimi.

Mmeelewa? Haya, sasa Jumapili yangu.

Baba yangu alikuwa Mmatengo wa Ukata. Mama ndiye wa huku ziwani. Nilikulia kule juu milimani kwenye kahawa. Wakati huo nilikuwa na umri wako, Editha, msichana pekee kwenye maabara ya profesa mmoja ambaye sitamtaja, keshatangulia mbele ya haki. Alikuwa bingwa kwelikweli. Ukiwahesabu watafiti vinara wa polima huwezi kumruka. Alinifundisha kazi, alinipenda kama mtoto wake, na alikuwa ameshanitafutia nafasi ya kwenda kusoma ng'ambo. Nayasema hayo mapema ili usidhani nakusimulia habari za shetani. Shetani ni rahisi kumpinga.

Profesa huyo alitengeneza viriba vya miche ya kahawa kutokana na wanga wa mahindi. Desturi unaijua: mche hukulia kwenye kiriba cha plastiki, na siku ya kupanda unakipasua kwa wembe, unakitoa, unafukia. Plastiki inabaki imezagaa shambani, mbuzi wanaitafuna. Kiriba cha profesa hakikutaka wembe. Panda nacho, kitaoza chenyewe. Na maabarani kilioza, nilikiona kwa macho yangu, kwenye lundo la mboji lililopashwa joto kama mwili wenye homa. Mradi ukapatikana, malori yakaleta miche Ukata kwa kupitia Kitai, na wakulima wakaambiwa kwamba atakayepasua kiriba hapewi tena mche.

Mimi nikatangulizwa kwenda kufukua viriba vichache vya majaribio vilivyopandwa mwaka uliotangulia, kwenye shamba la shangazi yangu Skolastika. Kazi ndogo, alisema profesa, piga picha tu.

Nikafukua. Kiriba kizima. Nikafukua kingine, kizima, hata kukunjamana hakijakunjamana. Baridi ya Ukata si joto la maabara, mwanangu. Ule uzi wa shanga haukupata cha kuukata. Ndani yake mizizi ilikuwa imejisokota, inazunguka inatafuta mlango. Juu majani bado ya kijani, yanawadanganya watu. Mti wa namna hiyo unaweza kukudanganya msimu mzima, miwili, kisha siku uliyoanza kuutegemea ndipo unakauka. Nikakaa chini kwenye udongo.

Shangazi alikuwa kando analima ngolo, yale mashimo yetu ya Kimatengo ambayo nyasi hufukiwa kwenye matuta yake zikaoza zikawa mbolea. Akaja, akatazama, wala sikuhitaji kumweleza.

“Sasa?” akauliza.

“Nitamweleza profesa, shangazi. Yeye ndiye ataamua.”

“Miche inagawiwa kesho kutwa. Mvua hii hapa mlangoni. Watu wakishafukia, profesa wako ndiye atakayekuja kuwafukulia?”

“Ni mkubwa wangu. Nikimpinga mbele za watu, safari yangu imekufa. Na wewe mwenyewe ulinifundisha, asiyesikia la mkuu...”

Weee! Sijawahi kumwona shangazi amekasirika vile. Akalitupa jembe. “Usinitajie guu hapa! Mimi nimevunjika mgongo kwenye kahawa hii ili wewe usome. Kama ni kunyamaza, kunyamaza tunajua hata sisi ambao shule hatukuiona. Sasa wewe ulikwenda kujifunza nini?”

Nililia. Nililia kwa hasira, maana nilijua amenipata. Mpaka leo nikiyakumbuka maneno yale masikio yananiwaka moto.

Nilimpa mkubwa wangu heshima yake, hilo ulijue. Jumapili asubuhi, profesa alipofika na watu wa mradi, nilimfuata kabla ya misa nikamwonyesha kiriba. Alikigeuza, akakinusa, akakivuta kwa vidole. Alikuwa fundi yule, alielewa yote pale pale. Kisha akanirudishia. “Tutaliangalia msimu ujao,” akasema. “Leo si siku yake.” Akaingia kanisani, akakalishwa benchi la mbele.

Misa ikakaribia kuisha. Wakati wa matangazo katekista akauliza kama kuna mwenye neno, nami nikajikuta nimesimama. Usiniulize ujasiri niliutoa wapi. Nikasema, “Ndugu zangu, viriba hivi haviozi huku kwetu. Nimevifukua mwenyewe kwa shangazi. Pasueni, vitoeni, ndipo mpande. Msipofanya hivyo kahawa yenu itakufa.”

Profesa akasimama, mpole, anatabasamu. “Huyu ni binti yangu,” akawaambia, “bado anajifunza, ana haraka. Mwanangu, sayansi haifanywi kanisani.”

“Wala haifichwi kanisani,” nikamjibu.

Mh! Hapo nilisikia mtu nyuma amevuta pumzi. Nilitegemea watu watanipigia makofi? Thubutu! Mama mmoja akafoka, “Kaa chini, binti, utatukosesha miche!” Baba yangu mzazi akatoka nje. Watu wa mradi wakagawa michache tu, sehemu kubwa ya miche wakaipakia wakaondoka nayo, na kwa muda mrefu nikipita njiani Ukata nilisikia miguno. Safari ya ng'ambo ikafa siku ile ile. Maabarani nikakuta vitu vyangu vimewekwa kwenye boksi mlangoni. Nikaenda kufundisha kemia sekondari, nikawaka kwa hasira miaka, na sikuwahi kuomba radhi. Sitaomba. Hata leo ningeamshwa usingizini nikaulizwa, ningesimama tena.

Waliopasua, kahawa yao ilishika. Waliosikiliza benchi la mbele, walikuja kung'oa kuni. Sikushangilia, maana waliong'oa kuni walikuwa majirani zangu, na mmoja wao ni yule mama aliyenifokea. Alikuja nyumbani, akakaa na shangazi wakichambua maharage, akaondoka. Radhi hakuomba, na hakuna aliyemdai.

Kazi ya polima niliirudia baadaye kwa mlango mwingine, na huko nikapanda mpaka mkaanza kuniita mimi kinara. Sasa nisikilize vizuri, Editha, maana wazee tukisifiwa sana tunaanza kuota pembe. Uliponiwekea vipande hivi mezani, iliniuma. Usidhani haikuniuma. Kwa kitambo kidogo nilitaka kukuambia, “Tutaliangalia msimu ujao.” Maneno yale yale yalikuja mpaka kwenye ulimi! Nikamwelewa yule mzee wa watu, na nikamwogopa kuliko nilivyomwogopa akiwa hai.

Kwa hiyo usiniombe tunyamaze. Usiniombe pia nikusemee, kwamba kesho nitangulie niseme mwenyewe kwa upole ili wewe usionekane umenivunjia heshima. La. Waliofukua ndio huonyesha. Wavu umeuanika wewe, umeuvuta wewe, umekatikia mikononi mwako. Utasimama wewe, mbele ya wavuvi na maofisa, utamke kwamba wavu wa Profesa hauliwezi jua la Mbaha.

Nami nitakubishia. Usitegemee nitakaa pale nakutikisia kichwa kama kondoo. Nitakuuliza uliuanika wapi, ulilinganisha na wavu gani, ulivuta kwa kipimo gani, unajuaje kwamba si chumvi ya kukaushia samaki, si mchanga, si panya. Nitakubana mpaka utoke jasho, kwa sababu wavu ule naupenda, na kwa sababu watu hawa wanastahili ukweli uliokwisha kupigwa ukabaki umesimama. Ukinishinda, nyavu zitarudi maabara na mimi nitarudi nazo, uzee au si uzee. Nikikasirika, niache nikasirike; hasira zangu si hoja. Lakini siku utakayonisikia nasema “huyu bado mtoto” au “mimi nimeanza kazi hii kabla hujazaliwa”, jua nimeishiwa, na uendelee kusema kwa sauti zaidi.

Mwanangu, nasaha yangu ni hii, na ninyi wa simu ichukueni pia, si ya wasomi peke yao. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ni kweli. Ila wahenga hao hao walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na mkuu naye huugua. Mheshimu mkubwa wako kwa kumwendea kwanza, faraghani, ukamwonyesha ulichokiona. Akikataa kutazama, heshima yako kwake imekwisha kulipwa, sasa waendee wale watakaoumia. Usingoje msimu ujao. Mwenye shamba hana msimu ujao. Usingoje wakupende, maana siku ya kwanza hawatakupenda. Na ukija kupoteza kazi kwa ajili hiyo, lia, kula, lala, kesho yake katafute nyingine. Nimepita huko na nipo hapa nakunywa chai.

Haya, simama. Sogea nikuwekee mkono kichwani. Mungu wa baba zetu akupe sauti, na ikitetemeka asiruhusu ikatike. Akulinde na wakubwa wanaotabasamu, nami nikiwemo. Akupe kazi itakayowafaa watu, akupe jina, akuketishe benchi la mbele. Na ukishakaa hapo ukastarehe, akuletee mwanafunzi mkaidi, mwenye vipande vya kazi yako mkononi, asiyekuogopa hata kidogo. Amina.